Uso wa Bi Zuwena na Waridi za Rajabu

Kwanza, vijana, ile tyubu ya rangi inayouzwa madukani kwa jina la rangi ya ngozi, itupeni. Kama mmeshainunua, pakieni stuli. Hakuna mtu mwenye rangi ile. Nimemtafuta Mombasa, nimemtafuta Dubai kwenye kila taifa linaloshuka na ndege, sijamwona.

Hilo sikulijua mwenyewe. Nilifundishwa na mchoraji wa nyuso anayeitwa Alban, mtu wa Grenada, kisiwa kidogo huko Karibiani, mbali kuliko mnavyofikiri. Nikiulizwa hapa Majengo kazi hii nimeisomea wapi, nasema nimesoma kwa Alban. Hao wengine wote niliowatumikia nimewavumilia tu.

Mimi naitwa Athumani. Shule niliachia darasa la tano, kwa hivyo mkiona nimepinda mahali, pindeni nami. Siku hizi sipandi ngazi za nyumba yangu bila kupumzika katikati, na kifua hiki sikuzaliwa nacho. Nilikipata Garhoud, karibu na uwanja wa ndege, ndani ya karakana isiyo na dirisha, tukivuta tapentaini kutwa kama wengine wanavyojifukiza udi. Aliyekataa kuweka feni ya kutoa hewa ni meneja wetu, Clive Marwick. Feni italeta vumbi kwenye picha, alisema. Nimemtaja kwa makusudi na nitamtaja tena. Wa pili ni Rajabu Kidege, msimamizi, mtu wa Tanga, mwenzetu wa kula naye sahani moja, na huyo ndiye aliyeniuma zaidi. Watu wananiambia, Athumani, yaliyopita yasahau. Wasahau wao, wao hawakohoi.

Siku yangu ya mwisho mle niliweka kopo la aiskrimu juu ya meza ya Clive. Akafungua kifuniko, akachungulia, akaniuliza ni nini. Nikamwambia, "Ni kazi yako, sir. Mteja amerudisha." Nikatoka. Kilichokuwa ndani ya kopo lile ndicho ninachotaka kuwasimulia, lakini lazima nianze na ng'ombe.

Kabla ya Dubai nilikuwa naandika majina ya maduka na kuchora kwenye milango. Mwenye bucha mmoja wa Kisauni alitaka ng'ombe. Mlango wake ulikuwa umepakwa rangi ya mafuta, inang'aa, na mimi nikamchora ng'ombe wangu kwa rangi ya maji, kwa sababu ndiyo iliyobaki koponi. Ng'ombe alipendeza, watu walisimama kumtazama. Masika yalipoanza, akaanza kutoka kichwa. Mwenye bucha akanijia nyumbani amekibeba kile kichwa kiganjani kama kipande cha chapati.

"Athumani," akasema, "wateja wananiuliza kama hapa pangu pauzwa mizoga."

Basi shikeni hilo. Rangi ya mafuta ukiipaka juu ya rangi ya maji itakaa. Rangi ya maji juu ya mafuta itakungoja ugeuke mgongo, kisha iondoke.

Sasa karakana. Miaka ile treni yao ya juu ilikuwa bado mashimo na vibao, na kila hoteli mpya ilitaka picha ukutani, na kila mwenye villa alitaka babake kwenye fremu ya dhahabu. Kazi yetu ilikwenda hivi. Mteja analeta picha ya pasipoti. Mashine inauchapa uso kwenye kanvasi. Sisi tunapita juu yake na rangi ya maji, ile inayokauka upesi, mstari hapa, mng'aro pale, ionekane imechorwa kwa mkono. Mwili tunautunga wenyewe: mabega, kanzu, mikono juu ya kiti. Mwisho Clive anakuja na brashi ndogo, anatia sahihi yake kwenye pembe. Kazi yake nzima ilikuwa hiyo pembe.

Na kabla ya sahihi alikuwa na neno lake: mpandishe. Maana yake, mweupishe. Mhindi apande, Mwarabu apande, Mfilipino apande. Mzungu mmoja aliyeungua jua alipandishwa mpaka akaonekana mgonjwa wa kulazwa. "Wateja wanapenda hivyo," Clive alisema. Sikumsikia mteja hata mmoja akiulizwa.

Alban aliingia mle akiwa ameshapita hamsini. Kwao alikuwa mtu. Ujana wake alianza kwa kuchora marehemu. Watu wa kisiwani wamefiwa, hawana picha, wanamwita, anakaa nao sebuleni, mmoja anasema pua ilikuwa kama ya huyu, mwengine anasema kipaji cha uso kama cha yule, naye anachora na kufuta mpaka mjane anasema basi, ndiye. Baadaye akachora mahakimu, maaskofu, wanawake wauza samaki, na wote aliwapa heshima moja. Clive alimwona kwenye maonyesho Ulaya, akamwahidi ukumbi Dubai wenye jina lake mlangoni. Ukumbi aliokuja kuukuta ni ule wetu, na pasipoti yake ikaingia kwenye droo la Clive pamoja na zetu.

Alikuwa mweusi, kipaji kipana, mwendo wa taratibu. Ungemweka Kisauni asingeulizwa kitu, na hiyo ilimtia taabuni. Kila Mswahili alimsalimia kwa Kiswahili, na asipojibu akaonekana anaringa.

"Huyu kafika Dubai juzi, kashasahau lugha ya mamake!"

Nikamfundisha neno moja la kumwokoa popote: bado.

"Mzee, umekula?"

"Bado."

"Umeoa?"

"Bado."

"Wewe Mkenya au Mtanzania?"

"Bado."

Watu wakacheka, wakamsogezea kiti.

Saa ya chakula, wenzetu wakijinyoosha juu ya maboksi, Alban alinifundisha. Tyubu nyeusi hakuwa nayo. Aliniambia kwa Kiingereza chake cha kuimba, "Athumani, tazama mkono wako. Weusi uko wapi?"

"Huu wote."

"Tazama tena. Kwenye kifundo?"

"Zambarau."

"Chini ya kucha?"

"Kama tende mbivu."

"Hapa mwanga unapogonga?"

"Buluu."

"Basi nioneshe weusi uko wapi."

Nikautafuta. Mkono nimezaliwa nao, nimekula nao, nimeoa nao, na siku ile ndiyo nilipouona.

Uso wa mtu mweusi aliuanza kwa kijani cha jani lililokauka. Juu yake nyekundu ya damu, halafu kahawia juu ya kahawia, kila tabaka mafuta yake ya kitani yamezidi kidogo kuliko la chini yake, mpaka mwanga utoke ndani kama taa nyuma ya pazia. Masikio alitia nyekundu kwa sababu jua hupenya pale. Nyeupe ya jicho hakuipaka nyeupe, na meno vilevile. Tena alikuwa na kioo kidogo cha kunyolea, anaipa picha mgongo na kuitazama ndani ya kioo, na hapo pua iliyokaa kombo inajitangaza yenyewe. Kinunueni kioo. Kitawaambia ukweli ambao wake zenu hawatawaambia.

Sasa sikilizeni jinsi kosa langu lilivyotufikisha kwa Bi Zuwena.

Mara yangu ya kwanza kupewa nguo, maana kabla ya hapo nilikuwa napaka mapazia ya nyuma tu, nilipewa mwili wa mteja mmoja, Bwana Nasser, mtu mzima wa mtaa wa Al Twar. Kanzu ya Imarati ina kishada kirefu kinachoning'inia katikati ya kifua. Mimi nikampaka kishada kifupi, kimekaa pembeni mwa shingo. Kanzu ya babu yangu ilikuwa hivyo, na ya babu yangu ilitoka Maskati. Mkono ulikwenda wenyewe.

Bwana Nasser alipokuja kuchukua picha, akainama, akatazama shingo yake. Clive akageuka mwekundu.

"Nani amefanya hii?"

"Athumani, sir," Rajabu akasema, kidole kimeshafika kifuani kwangu. "Nilimwonya." Hakuwa ameniambia hata bismillahi.

Bwana Nasser akaniuliza, kwa Kiswahili, sote tukashtuka, "Wewe mtu wa wapi?"

"Mombasa, sir."

Akaangua kicheko. "Umenivisha kanzu ya babu yangu! Babu mzaa mama, alikuwa Unguja, kanzu zake hivi hivi. Wallah msiiguse, naichukua kama ilivyo. Mama akiiona atalia."

Na mama alilia kweli. Juma lililofuata Bwana Nasser akarudi: anataka mamake, Bi Zuwena, naye achorwe, ila mama hataki kupigwa picha. Uso wake ukakae kwenye mashine ya wanaume? Hata kwa dawa. Anayetaka kumchora aende akamtazame kwa macho, mwanawe akiwepo, na picha itundikwe sebuleni kwake, kwa wanawake wenziwe, basi.

Kumchora mtu bila mashine, mle ndani alikuwapo Alban peke yake. Bi Zuwena naye Kiingereza hataki kukisikia. Ikabidi nifuatane na Alban kuwa mdomo wake.

Villa ilikuwa Al Twar, nyumba ya Wazanzibari waliohamia zamani, Kiunguja chao wamekifungia ndani kama fedha. Bi Zuwena alikuwa amekaa mkekani, mdogo, mweusi wa kung'aa, wanja machoni, ungo wa mchele mapajani. Alimtazama Alban kabla hatujamaliza kuvua viatu.

"Huyu wa Makunduchi," akasema.

"Bibi, huyu wa Grenada. Ni kisiwa, ng'ambo huko, bahari nyengine."

"Kisiwa n'nakijua mie. Uso huo n'meuona Makunduchi, na mwenye nao alikuwa akiuza makuti. Muulize mamake nani."

Nikamuuliza. Alban akafikiri, kisha akamgeukia Bibi, akamjibu mwenyewe: "Bado."

Bi Zuwena alicheka mpaka mchele ukamwagika.

Kahawa ilipoletwa, Alban akanusa kikombe, akatia mkono mfukoni, akatoa kungumanga. Kwao kisiwa kizima ni kungumanga na karafuu, yeye hutembea nayo kama wengine wanavyotembea na tasbihi. Bi Zuwena akaipokea, akaifikicha kwa kucha, akaipeleka puani, akafumba macho.

"Kisha mtanambia si wa Makunduchi," akasema polepole.

Kukaa bure kama sanamu alikataa. Atachambua mchele wake, na mchoraji amchore hivyo hivyo. Kando yake alikaa mjukuu wake, Shamsa, msichana wa chuo, hasemi. Alikuwa mrembo, lakini mashavu yamechubuka kwa madawa, mekundu mahali, kijivu mahali. Bi Zuwena akamshika kidevu mbele yetu bila haya.

"Mwambie mchoraji jambo moja tu. Anipake n'livyo. Asinizidishe wala asin'punguze. Huyu ndiye mie, tizama pua, tizama rangi, peke yake nyumba nzima hii. Binamu zake wanamwita majina, naye anajichubua kama kiazi. N'kishakufa mie, nani atamwonesha kuwa rangi hii ilikuwa ya mtu aliyependwa?"

"Bibi, basi," Shamsa akasema, macho chini.

Nikamfasiria Alban. Akaweka brashi chini, mkono kifuani. "Mwambie namuahidi. Mwambie nitakufa kwanza."

"Kasema atakufa kwanza, Bibi."

"Asife. Achore."

Majuma ya mwanzo uso ulikuwa kijani. Bi Zuwena alijikongoja akaja kuuona, akajishika kiuno.

"Alaa! Kan'fanya jini."

"Bado, Bibi," Alban akasema.

Akarudi mkekani ananung'unika, na kesho yake akavaa kanga nzuri zaidi. Mnakaa na mtu mnatazamana hivyo, siku kwa siku, hamna lugha, mnajuana. Bi Zuwena alikuwa akimgombeza kwa Kiswahili naye anajibu kwa Kiingereza, na mara nyingi hawakuningoja nifasiri. Nilimwona Alban akirudi kuwa mtu. Pale Garhoud alikuwa akipaka kope za watu asiowaona, bega limeshuka. Kule Al Twar aliimba.

Siku uso ulipokuja, ulikuja wote. Sijui kuwaeleza. Shavu la kushoto lilipokea mwanga wa dirisha, likawa na buluu na zambarau na tende mle ndani, na bado lilikuwa shavu la bibi anayechambua mchele. Shamsa alisimama nyuma ya Alban, akajigusa shavu bila kujua anajigusa.

Picha ilirudi Garhoud ikauke na kutiwa fremu. Clive akaisimamia, mikono nyuma.

"Nzuri. Mpandishe."

"Hapana," Alban akasema.

"Na huo ungo wa mchele ni wa mfanyakazi wa ndani. Weka maua. Waridi."

"Nimemwahidi mwenyewe. Anataka hivi."

"Wateja hawajui wanachotaka. Karatasi zako ziko wapi, Alban?"

"Kwenye droo lako."

"Basi."

Hayo ndiyo mazungumzo yote. Mle ndani tulikuwa wengi na hakuna aliyekohoa, sisi tunaokohoa kutwa. Visa ikafutwa, khalas. Ukumbi wenye jina lake, maonyesho, vyote vikaishia hapo. Alipokuwa anafunga brashi zake kwenye gazeti aliniambia neno la kazi tu: "Iweke mbali na vumbi. Juu yake nimepitisha mafuta, bado laini. Na ulitazame lile shavu la kushoto, Athumani. Sijawahi kuchora shavu zuri kuliko lile." Uwanja wa ndege ulikuwa pua na mdomo na karakana. Ndege zilikuwa zikipaa, nami sikujua yake ni ipi.

Clive akamwambia Rajabu aimalize, na kiti cha Alban kitakuwa chake. Siwezi kumwombea radhi Rajabu, ila haki niseme, pasipoti yake ilikuwa kwenye droo lile lile na yeye pia kifua kilikuwa kinamlia. Lakini alichukua brashi. Akachukua na rangi yetu ya kila siku, ile ya maji, kwa sababu ya mafuta hakuwahi kujifunza na kumuuliza Alban aliona haya. Kanvasi ilikuwa inang'aa mafuta ya kitani, rangi inateleza, inajikusanya matone kama maji juu ya jani la muhogo. Akapaka tena, nene, mpaka ikatulia.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, na machoni namwona ng'ombe wa Kisauni.

"Athumani," akasema bila kugeuka, "mbona inateleza hii? Itashika kweli?"

"Wewe ndiye msimamizi, bwana."

"Nakuuliza kitu cha maana."

"Na mimi nakujibu. Wewe si ndiye uliyepewa kiti?"

Akafyonya, akaendelea. Nikanyamaza. Katika miaka yangu yote ya kazi sijanyamaza vizuri kama siku ile. Akamtia Bi Zuwena uso wa maziwa, akafunika mchele kwa waridi, waridi kubwa za kadi ya harusi. Clive akatia sahihi yake pembeni.

Tuliipeleka mimi na dereva. Bi Zuwena alikuwa amewaita wanawake wa nyumba, kumechomwa udi. Nikavua kitambaa.

"Nani huyu?" akauliza.

Bwana Nasser akaangalia zulia. Shamsa akainuka, akatoka.

"Nilimwomba kitu kimoja," Bi Zuwena akasema. Hakupaza sauti, na ndiyo iliyoniuma. "Mwambie yule wako wa Makunduchi, kan'danganya mtu mzima."

"Bibi, Alban amefukuzwa. Alikataa kukubadilisha. Hii wameipaka wengine juu yake, wewe uko chini."

"Kila aliyekwishaondoka ndiye mkweli. N'tajuaje mie?"

Ningeibandua pale pale, lakini wanangu, kazi ina subira yake. Mafuta ya Alban yalikuwa machanga. Ningelazimisha, ule uso wa juu ungeng'oka na wa chini, tukabaki na kanvasi. Nikamwambia, "Itundike hapo, karibu na AC. Na pazia la upande ule lifungue, jua la asubuhi liifikie. Halafu ingoje."

"Nngoje nini?"

"Ingoje tu, Bibi. Mimi nimewahi kuchora ng'ombe."

Akanitazama kama anayemtazama mwendawazimu. Lakini aliitundika. Sijui kwa nini. Labda kwa ile kungumanga, maana niliiona juu ya rafu, kando ya Msahafu.

Joto likaja, likaondoka. Siku moja simu ya karakana ikalia, Rajabu akanipa huku amekunja uso, "Kuna bibi anakutukana."

"Athumani!" Alikuwa anapiga kelele kama watu wa zamani wanavyofanya na simu. "Waridi limeanguka!"

"Limeanguka wapi, Bibi?"

"Kwenye zulia! Lote, na jani lake! Na jengine linaning'inia. Yalla, njoo, maana hapa wananambia pana jini."

Nilipofika, waridi tatu zilikuwa zimeshapukutika na mchele unachungulia. Na pembeni mwa taya la picha, ile rangi ya maziwa ilikuwa imejikunja kama karatasi iliyolowa. Nikajaribu kwa ukucha wangu. Ikainuka. Chini yake kahawia, inang'aa.

"Bismillahi," akasema Bi Zuwena.

Shamsa akaniambia, "Wacha nijaribu, nina kucha ndefu." Akasogeza kiti, akapanda. Akaanza taya, akapanda shavu, taratibu, akivuta vipande virefu. Kipaji kikatoka. Pua. Kila kipande Bi Zuwena alikipokea chini na kukitia kwenye kopo la aiskrimu, kwa adabu, kama mtu anayeokota nywele zake.

Shavu la kushoto Shamsa aliliacha mwisho. Lilipobanduka lilibanduka zima, akabaki nalo mkononi, jeupe, limejikunja, na yeye ana kwa ana na bibi yake. Hakushuka kitini. Alikaa pale juu muda, uso kwa uso, pua kwa pua.

"Ndiye mie huyo," Bi Zuwena akamwambia kutoka chini. "Na ndiye weye. Sasa yale madawa yako uyalete, yaingie kopo hili hili."

"Bibi na wewe!" Shamsa akasema, lakini alikuwa anacheka, machozi yanamtoka.

Bi Zuwena akabana kifuniko, akanikabidhi kopo. "Kamrudishie huyo Clive wako. Mwambie huu uso sikuuagiza." Lile nililoliweka mezani kwake ndilo hilo. Kazi ya nyuso Dubai iliniishia siku hiyo, nikaenda kupulizia rangi kuta za maghorofa mapya kule Jumeirah Village Circle, na kifua kikamalizikia huko. Sijutii kopo.

Lakini kabla sijatoka Al Twar, Bwana Nasser alinipa simu yake. Namba ya Alban nilikuwa nayo kichwani. Ililia sana. Kwao kulikuwa asubuhi mbichi, majogoo nawasikia.

"Imebanduka," nikamwambia.

Akauliza kama fundi, "Imetoka safi? Au imeondoka na yangu?"

"Safi. Kama ganda la yai."

"Shavu la kushoto?"

"Lipo. Lote lipo."

Nikasikia anakaa chini. Bi Zuwena akaninyang'anya simu, akaipigia kelele.

"Wewe wa Makunduchi! N'mekukosea, n'samehe! Kumbe ulinipaka n'livyo! Hebu n'ambie, si ulisema utakufa kwanza? Umekufa?"

Nikanyoosha mkono nichukue simu nimfasirie. Akaupiga kofi mkono wangu. Na mle ndani ya simu, kutoka huko ng'ambo ya bahari nyengine, sote tulimsikia anapenga kamasi, anavuta pumzi, anajibu mwenyewe.

"Bado, Bibi. Bado."